Kiporo cha Seneti

Mama yangu aliingia kwenye bodi ya ushirika wa kijiji chetu kwa sababu mzee mmoja alifariki. Mzee huyo alikuwa mweka hazina, na alipotutoka ilikuwa imebaki miezi kumi ufike mkutano mkuu wa uchaguzi. Wenye hamu na kile kiti walikuwepo, tena wengi, lakini kila mmoja alikuwa anausubiri uchaguzi wenyewe apate miaka yake mitatu kamili. Nani ajichoshe kwa miezi kumi? Nilikuwa darasa la sita. Nimekaa barazani nje ya ofisi ya ushirika nikimsubiri mama, madirisha yako wazi, nikasikia sauti ya mzee mmoja: "Mpeni huyu mama hicho kiporo. Miezi kumi tu, ataharibu nini?"

Kwetu Muheza kiporo si tusi. Wali wa nazi wa jana, ukapashwa asubuhi kwenye sufuria mpaka ukashika ukoko chini, ukaliwa na chai ya rangi, ni chakula ambacho watoto hugombania. Lakini siku ile neno lilitoka na maana nyingine: wageni wameshapakuliwa, hiki kilichobaki chini mpeni aliye jikoni. Mama alilisikia. Akalipokea daftari la hesabu, akalifunga ndani ya kanga, tukarudi nyumbani njia nzima bila kusema kitu.

Mwaka huu neno lile limenirudia sana, kwa kuwa nimekuwa nikisoma habari za mchungaji Hiram Revels na jinsi wabunge wa jimbo la Mississippi walivyomchagua kuwa seneta wa Marekani, Januari 1870. Wengi wanaomfahamu wanamfahamu kwa sentensi moja: mtu Mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti ya Marekani. Ni kweli tupu. Ila sentensi hiyo inaruka jambo linalonigusa mimi kuliko yote, nalo ni aina ya kiti alichopewa. Kilikuwa kiporo.

Utaratibu wenyewe kwanza, maana bila huo habari hii haishikiki. Leo Mmarekani humchagua seneta wake kwa kura yake mwenyewe. Haikuwa hivyo mpaka mwaka 1913, katiba yao iliporekebishwa kwa mara ya 17. Kabla ya hapo kila jimbo lilipeleka maseneta wawili Washington, na waliowachagua walikuwa wabunge wa jimbo. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu hatashangaa, kwa sababu maseneta wa Kongo nao huchaguliwa na wabunge wa mikoa. Sisi Watanzania tunaujua mfumo wa namna hiyo kupitia Bunge la Afrika Mashariki: wajumbe wetu tisa hawachaguliwi vituoni, huchaguliwa bungeni Dodoma. Anayetaka kiti cha aina hiyo hana haja ya jukwaa wala ngoma. Anawafuata watu kwenye korido, anakaa nao mezani, anahesabu vichwa anavyovijua kwa majina.

Sheria ya mwaka 1866 iliweka mpango. Mabaraza mawili ya bunge la jimbo yanapiga kura kila moja peke yake, kwa sauti, mjumbe akitaja jina la anayemtaka. Kesho yake saa sita mchana yanakutana pamoja. Kama jina moja limepata wingi kotekote, shughuli imekwisha. Kama halikupata, wanapiga kura pamoja kila siku mpaka mtu apatikane. Sheria hiyo ilitungwa baada ya majimbo kadhaa kukaa na viti vitupu kwa sababu wabunge wao walishindwa kupatana. Na hapakuwa na kujificha: aliyekaa pembeni yako alilisikia jina ulilolitaja, na siku ya pili lilikuwa gazetini.

Viti vya Mississippi vilikuwa vitupu kwa sababu nyingine kabisa. Tarehe 9 Januari 1861, katika jengo la bunge mjini Jackson, mkutano maalumu uliamua kwa kura 84 dhidi ya 15 kulitoa jimbo katika Muungano wa Marekani, ili utumwa ubaki salama. Mwezi huohuo maseneta wake wawili, Jefferson Davis na Albert Brown, waliiacha Seneti. Davis akawa rais wa majimbo yaliyoasi. Vita ikaja, ikaua mamia ya maelfu ya watu, ikaisha mwaka 1865, na bado viti viwili vile vikabaki bila mtu. Bunge la Washington lilikataa kuyarudisha majimbo ya Kusini mpaka yaandike katiba mpya zinazompa mwanamume Mweusi haki ya kupiga kura, na mpaka yaridhie marekebisho ya katiba yaliyomtambua kuwa raia. Miaka tisa ikapita.

Hesabu moja yatosha kuonyesha uzito wa sharti hilo. Mwaka 1860 Mississippi ilikuwa na watu kama 791,000. Kati yao zaidi ya 436,000 walikuwa watumwa. Zaidi ya nusu ya watu wa jimbo walikuwa mali ya wenzao, na kazi yao kubwa ilikuwa pamba.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kuijua pamba hiyo. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cheupe kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Tuliupa mzigo jina la nchi ulikotoka: merikani. Bibi yangu alilitumia neno hilo maisha yake yote bila kuwahi kuiwaza Marekani. Kitambaa hicho kilipanda na misafara mpaka Tabora na Ujiji, kikawa kama fedha, kikanunulia pembe za ndovu, na kikanunulia watu. Jasho la mtumwa wa Mississippi lilitumika kumnunua mtumwa wa Unyamwezi. Vita ya Marekani ilipoanza merikani iliadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikashika nafasi yake. Na mwaka huo wa 1870 ninaousimulia, soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado linafanya kazi. Lilifungwa Juni 1873. Siwezi kuisoma habari ya Jackson kama habari ya watu wa mbali.

Basi Januari 1870 bunge jipya likakutana mjini Jackson, katika jengo lilelile la mwaka 1861. Takriban robo ya wajumbe walikuwa Weusi, na baadhi yao miaka saba tu nyuma walikuwa wakiuzwa. John R. Lynch, mjumbe wa wilaya ya Adams, alizaliwa mtumwa mwaka 1847. Alikuwa na miaka 22.

Mbele yao palikuwa na kazi tatu za useneta. Kiti kilichokuwa cha Davis kilikuwa na muda mpaka Machi 1875. Kiti kilichokuwa cha Brown kilibakiza mwaka mmoja na kidogo, mpaka Machi 1871. Na kwa kuwa muda huo ulikuwa unakaribia kwisha, walitakiwa pia wamchague mapema mtu atakayekikalia kiti hicho cha Brown kuanzia tarehe 4 Machi 1871 kwa miaka sita kamili. Yaani kiti kimoja kilikuwa na kiporo chake na sufuria jipya likiwa tayari jikoni.

Wajumbe Weusi walisimama kwa pamoja wakasema: katika hivi vitatu, kimoja kiwe chetu. Hawakuomba vyote. Chama chao cha Republican kilikuwa na wingi kwa sababu ya kura za Weusi, na kila mtu mle ndani alijua hivyo. Baada ya mazungumzo wakakubaliwa, nao wakapewa kilicho kifupi kuliko vyote. Miaka sita ilikwenda kwa James Alcorn, tajiri wa mashamba aliyewahi kumiliki watumwa na kuwa jenerali upande wa Kusini, ambaye alikuwa amechaguliwa kuwa gavana. Miaka mitano ilikwenda kwa Adelbert Ames, jenerali kijana kutoka Maine aliyekuwa akilitawala jimbo kwa niaba ya jeshi. Weusi, waliokuwa zaidi ya nusu ya watu wa Mississippi, wakaachiwa mwaka mmoja.

Walikuwepo Warepublican Weupe waliokubali kwa sababu ulikuwa mwaka mmoja tu. Hata baadhi ya Wademocrat hawakuona taabu, wakiamini kwamba seneta Mweusi atakitia doa chama cha wapinzani wao mbele ya taifa zima. Nilipofika hapo niliisikia tena ile sauti ya dirishani: ataharibu nini?

Hapa nirekebishe jambo moja linalorudiwa sana. Husemwa kwamba Revels alikalia kiti cha Jefferson Davis. Ninaelewa kwa nini watu wanaipenda simulizi hiyo; rais wa waasi ananyanyuka, mtoto wa Afrika anaketi. Lakini ukifuata tarehe za vipindi, kiti cha Davis ndicho kilichoishia 1875, nacho kilikwenda kwa Ames. Revels alipewa cha Brown. Kwangu habari haipungui kitu. Brown naye aliutetea utumwa mle Seneti kwa miaka mingi.

Sasa, wampe nani? Jina lililotajwa kwanza lilikuwa la mchungaji James Lynch, msemaji hodari, lakini alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa kuwa katibu wa jimbo, na kumtoa kwenye kazi ya miaka kumpeleka kwenye kazi ya mwaka kusingekuwa na maana. Ndipo watu wakaanza kumwangalia mchungaji mwingine, mtu mpole wa Natchez ambaye wajumbe wengi hawakuwa wakimjua.

Revels alizaliwa mwaka 1827 Fayetteville, North Carolina, wazazi wake wakiwa watu huru katikati ya jimbo la watumwa. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mwanamke Mweusi huru. Akajifunza kunyoa nywele katika duka la kinyozi la kaka yake. Alipotaka elimu zaidi ilimbidi aende kaskazini: Indiana kwa Wakwekari, dhehebu la Kikristo lililopinga utumwa, kisha Ohio, na baadaye Knox College kule Illinois. Akawa mchungaji wa Kanisa la AME, kanisa la Kimethodisti la Wamarekani Weusi, akahubiri jimbo hadi jimbo. Mwaka 1854 alifungwa gerezani Missouri kwa kosa la kuwahubiria Weusi. Vita ilipoanza alisaidia kuandikisha askari Weusi Maryland na Missouri, kisha akawa kasisi wa jeshi. Mwaka 1866 akahamia Natchez, kando ya mto Mississippi, akachunga kanisa na kushughulikia shule za watoto wa waliokuwa watumwa. Siasa hakuikimbilia. Mwaka 1868 alikuwa diwani, na mwaka uliofuata, wajumbe wa wilaya ya Adams waliposhindwa kukubaliana juu ya mgombea wa Seneti ya jimbo, jina lake likaletwa kama suluhu.

Kikao cha kwanza cha Seneti ya jimbo kilihitaji mtu wa kufungua kwa sala. Wakamwomba Revels.

Miaka mingi baadaye John R. Lynch aliandika kwamba sala hiyo ndiyo iliyomfanya Revels kuwa seneta wa Marekani. Kwamba kila aliyekuwa ndani ya ukumbi aliguswa, na watu wakatoka wakijua kwamba mtu huyu ana elimu, ana utulivu na ana uwezo wa kusema mbele ya yeyote. Maneno yenyewe ya sala sijayaona popote. Lakini nimelelewa na watu wa sala, wa msikitini na wa kanisani, na ninajua kinachotokea pale mtu anapoomba kwa niaba ya chumba chenye watu waliopigana. Ukumbi ule ulikuwa na waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa. Baadhi walikuwa wameshika bunduki pande mbili tofauti miaka mitano tu iliyopita. Mtu aliyeweza kuwainamisha vichwa wote kwa dakika chache, akawafanya wasikie "sisi" ikiwa na maana moja, alikuwa ameonyesha jambo ambalo hotuba ya kampeni isingeweza kulionyesha. Mimi ninamwamini Lynch.

Tarehe 20 Januari 1870 majina yakatajwa kwa sauti. Zaidi ya wajumbe 80 walimtaja Revels. Waliomkataa walikuwa 15. Nilipoiona namba hiyo nilirudi nyuma kuhakikisha sijachanganya kurasa, kwa sababu ni 15 vilevile waliokataa uasi mwaka 1861, katika jengo hilohilo. Walikuwa watu tofauti na kura tofauti, najua. Bado niliikalia namba ile jioni nzima.

Revels akapanda kwenda Washington, akafika mwishoni mwa Januari, akasubiri. Jimbo lake lilikuwa bado halijapokewa. Sheria ya kuirudisha Mississippi ilitiwa saini tarehe 23 Februari, na papo hapo mabishano yakaanza, yakachukua siku tatu.

Pingamizi la kwanza lilikuwa la karatasi: hati yake ya uchaguzi ilitiwa saini na Ames, na Ames alikuwa mtawala wa kijeshi, si gavana aliyechaguliwa. Lilikuwa jembamba, halikufika mbali. La pili ndilo lililotoka moyoni. Katiba inasema seneta awe raia kwa miaka isiyopungua tisa. Maseneta kama Garrett Davis wa Kentucky na Willard Saulsbury wa Delaware wakaitoa hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1857 katika kesi ya Dred Scott, iliyosema kwamba mtu Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Kama ni hivyo, wakasema, Revels amekuwa raia juzi tu, ama kwa sheria ya mwaka 1866 ama kwa marekebisho ya 14 ya mwaka 1868. Miaka minne, au miwili. Haitoshi.

Nilipolisoma pingamizi hili mara ya kwanza niliifunga kompyuta nikatoka nje. Mtu amezaliwa katika nchi, wazazi wake huru, ameihudumia jeshini, halafu unamwambia kwamba miaka yake arobaini na miwili haihesabiki kwa sababu sisi wenyewe tuliandika kwamba haihesabiki. Wanaomnyima mtu haki na kisha kuutumia unyimaji huo kama ushahidi dhidi yake hawakuishia Washington. Nimeona wajane wakinyimwa shamba kwa sababu jina lao halimo kwenye hati, na jina halimo kwenye hati kwa sababu walikuwa wanawake.

Wapo waliomtetea kwa njia isiyonipendeza. Walisema Revels ana damu iliyochanganyika, hivyo hukumu ya Dred Scott, iliyowahusu Waafrika halisi, haimgusi. Wengine walikumbusha kwamba aliwahi kupiga kura Ohio, kwa hiyo uraia wake ni wa siku nyingi. Aliyeusema ukweli mzima ni Charles Sumner wa Massachusetts, yuleyule ambaye mwaka 1856 alipigwa kwa fimbo ndani ya ukumbi ule mpaka akazimia, kwa hotuba yake dhidi ya utumwa. Alisema Tangazo la Uhuru lilitamka kwamba watu wote wameumbwa sawa, na leo tendo kubwa linalithibitisha neno hilo.

Ijumaa tarehe 25 Februari 1870 ikapigwa kura: 48 kwa 8. Roshani za wageni zilijaa pomoni. Henry Wilson, seneta mwingine wa Massachusetts, akamfuata Revels alipokaa, wakatembea pamoja mpaka mbele, na watu wa roshani wakasimama wamwone. Makamu wa Rais Schuyler Colfax akamwapisha. Mwaka huohuo picha yake ikachapwa kwa rangi Boston. Frederick Douglass, mwandishi mashuhuri Mweusi aliyezaliwa mtumwa, alipoiona aliandika kwamba hata mwenye chuki atalazimika kukiri kuwa seneta wa Mississippi ni mtu. Hebu fikiria kizazi ambacho jambo hilo lilikuwa bado linahitaji kuandikwa.

Jioni moja nilimsimulia mama yote haya. Ana miaka sabini na kitu sasa, macho hayamsaidii kusoma, lakini kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Alinisikiliza mpaka kwenye kiapo. Halafu akauliza swali la mtu aliyewahi kushika daftari la muda mfupi: "Mwanangu, alipata nafasi ya kufanya nini?"

Alifanya alichoweza. Wiki tatu baada ya kuapishwa, tarehe 16 Machi, alisimama kuitetea haki ya Weusi wa Georgia, ambako wabunge Weusi walikuwa wamefukuzwa bungeni mwaka 1868 kwa sababu ya rangi yao. Alitaka Georgia isirudishwe bila kinga kwa watu hao. Mafundi Weusi wa Baltimore waliponyimwa kazi katika karakana ya meli za kivita Washington, aliwapigania, wakaajiriwa. Alimpendekeza kijana Mweusi, Michael Howard, kwa chuo cha kijeshi cha West Point, chuo hakikumpokea. Februari 1871, zikiwa zimebaki wiki chache, alipinga kuwatenga watoto Weusi katika shule za mji wa Washington.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani naye. Revels alitaka waliopigana upande wa Kusini warudishiwe haki zao za kisiasa, mradi waape utii. Mswada wake mmoja uliofanikiwa ulikuwa wa kumwondolea vikwazo mtu wa aina hiyo. Aliamini katika msamaha, na ninaijua mizizi ya imani yake, lakini historia ilimjibu vibaya. Wengi waliosamehewa walirudi na bunduki. Mwaka 1875 uchaguzi wa Mississippi ulitekwa kwa vitisho na mauaji ya wapiga kura Weusi, na katiba ya jimbo ya mwaka 1890 ikawafungia mlango wa kura kwa vizazi. Nilimweleza mama hayo, naye akasema tu kwamba mchungaji asiyesamehe ataifanyaje kazi yake. Hatukuelewana hapo, tukaendelea.

Kabla mlango haujafungwa, wabunge wa jimbo walimchagua Mweusi mwingine, Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa Virginia. Safari hii ilikuwa miaka sita kamili, kuanzia 1875. Alipomaliza mwaka 1881 Seneti nzima haikuwa na Mweusi mpaka mwaka 1967, alipoingia Edward Brooke wa Massachusetts. Wa nne alikuwa Carol Moseley Braun wa Illinois, mwanamke wa kwanza Mweusi. Wa tano tunamjua, baba yake ni wa Kogelo: Barack Obama, aliyeapishwa useneta mwaka 2005. Mississippi yenyewe haijapeleka mwingine tangu Bruce.

Ndipo tukafika mwisho wa muda wa Revels, tarehe 3 Machi 1871. Aliacha kiti akarudi Mississippi. Alcorn, ambaye kama gavana alikuwa ameanzisha chuo cha Weusi katika majengo ya chuo cha zamani cha Wapresbiteri, alimfanya kuwa mkuu wake wa kwanza. Chuo kile kipo mpaka leo na kinaitwa kwa jina la Alcorn. Revels alifundisha, akahubiri, akafariki Januari 1901 akiwa kwenye mkutano wa kanisa mjini Aberdeen, Mississippi.

Mama aliniachia nimalize, kisha akarudi nyuma. Alitaka kujua habari ya yule aliyepewa sufuria zima. Alikuja lini kuketi?

Nikamwambia. Kiti kilikuwa chake kuanzia tarehe 4 Machi 1871, lakini hakwenda. Alibaki Jackson kwenye ugavana. Siku tatu baada ya muda wa Revels kwisha, tarehe 6 Machi, ghasia zilizuka mahakamani mjini Meridian, na Weusi wengi wakauawa siku zilizofuata. Machi hiyo na Aprili Seneti ilikuwa inajadili sheria ya kulivunja Ku Klux Klan, kundi la siri la Weupe lililowatisha na kuwaua Weusi, na Rais Grant akaitia saini tarehe 20 Aprili. Katika siku zote hizo kiti kile cha Mississippi kilikuwa kitupu. Alcorn alikuja kuapishwa Desemba.

Mama alihesabu kwa vidole, kuanzia Machi.

"Miezi tisa," akasema. "Na mchungaji yupo, mzima, na kazi anaijua. Si wangemwacha akae?"

Halafu akaniomba nimtolee daftari lake chini ya kitanda. Sikujua kwamba bado analo. Lile la ushirika alilikabidhi siku ya mkutano mkuu, baada ya kusoma hesabu zote mbele ya watu na kumpisha mwanamume aliyechaguliwa kwa miaka mitatu. Hili ni nakala aliyoiandika mwenyewe usiku, kwa taa ya chemli, kila mwezi kwa miezi kumi: kilo za iliki, kilo za pilipili manga, jina la mkulima, alicholipwa. Akanikabidhi. "Nisomee," akasema, "anzia mwezi wa kwanza."